Mlalamikaji na Mbishi: Adabu ya Mjadala wa Hadharani

Kubishana mbele za watu kuhusu siasa, ndoa, mavazi ya wanawake, mirathi na visa vya mitaani ni jambo ambalo dini zimelizungumza kwa sauti mbili. Kwa upande mmoja zinasifu ukimya, zinaonya juu ya ulimi, na zinamhesabu mgomvi kuwa mtu aliye mbali na Mungu. Kwa upande mwingine zimehifadhi, ndani ya maandiko yenyewe, visa vya watu waliosimama mbele ya wakubwa wao wakadai, wakakataliwa, wakadai tena, hadi haki yao ikatamkwa. Wengi wa watu hao ni wanawake. Swali linalozaliwa hapo ni hili: adabu ya mjadala inamfunga nani kwanza?

Kisa kilicho wazi kuliko vyote kimo katika sura ya 58 ya Kurani, Al-Mujadila, iliyopewa jina la mwanamke mwenye kujadili. Wafasiri wanamtaja kuwa Khaula binti Thaalaba, mke wa Aus bin Samit, wa Madina. Mumewe alimtamkia dhihari, yaani alimfananisha na mgongo wa mama yake. Katika desturi ya Waarabu wa kabla ya Uislamu kauli hiyo ilimwacha mwanamke njia panda: mume hamkaribii tena, naye hayuko huru kuolewa na mwingine. Khaula alikwenda kwa Mtume Muhammad kutaka ufumbuzi. Kwa mujibu wa mapokezi, jibu la kwanza alilopata ni kwamba alikwisha kuwa haramu kwa mumewe. Hakuondoka. Alieleza tena na tena kwamba ujana wake ulikwisha katika nyumba ile, kwamba ana watoto wadogo, kwamba hakuna talaka iliyotamkwa. Ndipo sura ikashuka, na aya yake ya kwanza inaeleza kwamba Mungu amekwisha kuyasikia maneno ya mwanamke huyo. Aya zinazofuata zinaikemea desturi yenyewe na kumtwika mume kafara: kumwacha huru mtumwa, asipoweza, kufunga miezi miwili mfululizo, asipoweza, kulisha maskini 60.

Aisha, mke wa Mtume, amepokewa akisimulia kwamba alikuwa pembeni mwa nyumba hiyohiyo na baadhi ya maneno ya Khaula hayakumfikia, lakini Mungu aliyasikia yote. Simulizi hiyo ina uzito katika mjadala huu. Lalamiko la Khaula lilikuwa la chumbani, la aina ambayo jamii nyingi, za pwani ya Afrika Mashariki zikiwamo, zingelifunika kwa jina la sitara na kumtaka mwanamke avumilie. Halikufunikwa. Limekuwa andiko linalosomwa kwa sauti misikitini kwa zaidi ya miaka 1,300, na hakuna anayesema kwamba Khaula alivunja heshima ya ndoa yake.

Biblia ina kisa kinacholingana nacho. Sura ya 27 ya Kitabu cha Hesabu inawataja binti watano wa Selofehadi, wa kabila la Manase: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao alifia jangwani bila mtoto wa kiume, na kwa desturi iliyokuwapo sehemu yake ya ardhi ingekwenda kwa wengine. Mabinti hao hawakumtuma mjomba awasemee. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe katika ukoo kwa sababu tu hakupata mwana. Musa alilipeleka jambo lao kwa Mungu, na hukumu ikaja kwamba wamesema kweli. Toka hapo ikawekwa kanuni kwa Israeli nzima.

Ustadi wa hoja yao unastahili kutazamwa. Hawakudai kwa kuipinga mila ya wasikilizaji; walishika jambo ambalo wanaume wale walilithamini kuliko yote, jina la marehemu lisipotee, wakaonyesha kwamba mila ilikuwa inajikana yenyewe. Wala mjadala haukuishia hapo. Katika sura ya 36, wakuu wa koo za Manase walikuja na lalamiko lao: mabinti hao wakiolewa na makabila mengine, ardhi itahama pamoja nao. Nao walisikilizwa, na sharti likawekwa kwamba waolewe ndani ya kabila la baba yao. Msomaji wa leo anaweza kuona kwamba sharti hilo liliwapunguzia wanawake hao uhuru, na kuona hivyo si kosa. Lakini utaratibu wake una funzo: aliyekuwa hatarini kupoteza ndiye aliyesikilizwa kwanza, na wenye wasiwasi wakasikilizwa baadaye, haki ya kwanza ikiwa imekwisha kuthibitishwa.

Injili za Mathayo (sura ya 15) na Marko (sura ya 7) zinasimulia habari ya mwanamke wa kigeni, Mathayo anamwita Mkanaani, aliyemlilia Yesu amponye binti yake. Kwa Mathayo, kwanza alikutana na ukimya, kisha wanafunzi wakaomba afukuzwe kwa sababu anapiga kelele nyuma yao, kisha akapewa jibu zito. Alilipokea jibu hilo, akaligeuza kuwa hoja, na binti yake akapona. Ombi la wanafunzi ndilo linalofanana zaidi na mabishano ya siku hizi. Hawakupima kama mtoto anaumwa. Walipima sauti ya mama yake. Tabia hiyo haijakwisha. Mwanamke anapoandika kwa uchungu kwamba amenyimwa matunzo ya watoto au amesumbuliwa kazini, majibu mengi ya mwanzo huhusu namna alivyosema: kwa nini hadharani, kwa nini kwa jazba, kwa nini hakuanzia kwa wazee.

Wanaotaka wanawake wanyamaze wana maandiko yao pia. Katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 14, wanawake wanaambiwa wakae kimya katika kanisa, na waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, unasema jambo la karibu na hilo. Maandiko hayo yapo na hayafai kupuuzwa. Hata hivyo waraka huohuo kwa Wakorintho, katika sura ya 11, unatoa maelekezo ya namna mwanamke anavyopaswa kuwa anaposali au kutoa unabii mbele ya wengine, jambo ambalo haliwezekani kama hatakiwi kufungua kinywa kabisa. Ndiyo maana makanisa yamegawanyika katika kuusoma ukimya huo: wengine wanauona amri ya daima, wengine wanauona utatuzi wa fujo ya kanisa moja. Kwa Waislamu, suala la kama sauti ya mwanamke ni uchi limejadiliwa sana, na wanachuoni wengi wamesema kwamba sauti yenyewe si uchi. Ingekuwa vinginevyo, isingeelezeka namna Aisha alivyofundisha, akatoa fatwa na kuwasahihisha masahaba wanaume, na hadithi zake zikapokewa kuwa msingi wa dini.

Mkosoaji mkubwa wa ubishi katika Uislamu ni Abu Hamid al-Ghazali (1058–1111), na ukosoaji wake unauma kwa sababu alijua alichokisema. Mwaka 1091 alipewa ualimu katika chuo cha Nizamiyya cha Baghdad, ambako wanachuoni walishindana kwa hoja mbele ya mawaziri na matajiri. Mwaka 1095 aliacha cheo hicho akaondoka mjini. Katika kitabu cha kwanza cha Ihya Ulum al-Din ameeleza maradhi yanayozaliwa na mabishano: husuda, kibri, chuki, kusengenya, kujisifu, kuchungulia aibu za mpinzani, kufurahi anapopatwa na baya, kuikataa kweli kwa sababu imetoka kinywani mwake, na kutaka kuonekana. Mtu yeyote aliyekaa saa moja akifuatilia malumbano ya siasa katika kundi la simu anaweza kuyatambua yote bila kufundishwa. Al-Ghazali aliweka pia masharti ya mjadala ulio halali. Mwenye kujadili awe anaitafuta kweli kama mtu aliyepotelewa na mnyama wake, asiyejali kama ameonwa naye au na mwenzake. Ajadili mambo yaliyotokea au yanayokaribia kutokea, si ya kubuni. Na mjadala wa faragha uwe unampendeza kuliko wa mbele ya umati, kwa kuwa umati huamsha ria, yaani tamaa ya kuonekana.

Sharti hili la mwisho linaonekana kumshitaki Khaula na binti za Selofehadi. Haliwashitaki. Masharti ya al-Ghazali yamewekwa kwa wanachuoni wawili walio sawa, ambao hakuna kati yao anayepoteza kitu jambo likiachwa bila jibu. Akishindwa, mmoja anapoteza sifa, basi. Mlalamikaji hayuko katika hali hiyo. Khaula akinyamaza, amepoteza nyumba na watoto. Al-Ghazali mwenyewe alilitambua hilo: katika kitabu cha Ihya kinachohusu maafa ya ulimi, anapofika kwenye ugomvi wa kudai haki, anakiri kwamba aliyedhulumiwa akiitetea haki yake kwa njia ya sheria, bila kupindukia na bila ukaidi, hafanyi haramu, ingawa kuacha ni bora kwake kama ana namna. Wanaonukuu maonyo ya al-Ghazali kuwanyamazisha wenye madai mara nyingi huiacha sehemu hiyo.

Kurani imeliweka jambo hili kwa uwazi zaidi katika sura ya nne, An-Nisaa, aya ya 148: maneno mabaya kutangazwa hadharani hayapendezi kwa Mungu, isipokuwa yanapotoka kwa aliyedhulumiwa. Wafasiri wametofautiana juu ya upana wa ruhusa hiyo, kama ni kumwombea dhalimu dua mbaya, kumtaja kwa dhuluma yake, au kumjibu kwa kadiri ya alivyosema. Msingi wake hautatanishi. Kanuni ya upole ni ya jumla. Aliyeumizwa ana nafasi yake maalumu ndani ya kanuni hiyo.

Mwanafalsafa wa Uingereza John Stuart Mill, ambaye hakuandika kama mtu wa dini, alifika karibu na hapo katika kitabu chake On Liberty cha mwaka 1859. Mwishoni mwa sura ya pili, baada ya kueleza kwa nini maoni yasizibwe, anajibu hoja ya wanaosema kwamba kila maoni yaruhusiwe ili mradi yatolewe kwa lugha ya kiasi. Mill anaona hatari ndani ya sharti hilo. Anayepinga rai ya wengi analazimika tayari kupima kila neno, maana bila hivyo hatasikilizwa kabisa. Matusi ya upande wenye nguvu ndiyo yanayowatisha watu wasiseme wanachokiamini. Kwa hiyo, kama ni lazima kuchagua, lugha kali ya walio wengi inahitaji kuzuiwa zaidi kuliko ya walio wachache. Miaka kumi baadaye, mwaka 1869, alichapisha kitabu dhidi ya kutawaliwa kwa wanawake, na humo akaonyesha kwamba watu hawawezi kudai wanaijua asili ya mwanamke wakati hajawahi kuachwa aieleze mwenyewe.

Fikra za Kiafrika nazo zina la kusema, na la kujibu. Mwalimu Julius Nyerere, katika maandishi yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliieleza demokrasia ya jadi kuwa ni wazee kuketi chini ya mti na kuzungumza hadi wakubaliane. Mwanafalsafa wa Ghana Kwasi Wiredu (1931–2022) aliijenga rai hiyo zaidi, akitetea siasa ya maafikiano badala ya ile ya wengi kuwashinda wachache kwa kura. Emmanuel Eze, mwanafalsafa wa Nigeria, alimjibu akihoji kama maafikiano ya zamani yalitokana kweli na nguvu ya hoja, au yalibebwa na imani na mamlaka ambazo mtu wa kawaida hakuweza kuzihoji. Kwa upande wa wanawake swali la Eze ni zito zaidi. Mara nyingi waliokuwa chini ya mti walikuwa wanaume, na makubaliano yao yaliwahusu watu ambao hawakuwapo.

Mabaraza ya miji ya Waswahili yalikuwa vivyo hivyo. Yalikuwa shule halisi ya fikra, na Mombasa ilipata humo wanachuoni wakubwa, lakini benchi la baraza lilikuwa la wanaume. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliupanua uwanja huo alipoanzisha gazeti la As-Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiandika juu ya elimu, desturi na hali ya Waislamu ili jambo lisomwe hata na wasiofika barazani. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Wanawake, kwa muda mrefu, walisema kwa njia nyingine: kwa jina la kanga, kwa wimbo wa taarabu, kwa kumsuta mtu mbele ya majirani. Ni sanaa za ufasaha mkubwa na zinastahili heshima zinayopewa. Zinaonyesha pia kwamba mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, kwa kuwa mtu mwenye nafasi ya kusema wazi halazimiki kuvaa hoja yake kiunoni.

Mfano wa sheria unaonyesha gharama ya kufungwa huko. Tanzania ilitanguliza waraka wa serikali mwaka 1969 wenye mapendekezo ya sheria moja ya ndoa, yakajadiliwa kwa ukali, hasa kuhusu mitara na nafasi ya dini, na Sheria ya Ndoa ikapitishwa mwaka 1971. Kwa wakati wake ilikuwa sheria ya ujasiri. Iliruhusu hata hivyo msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na miaka 14 kwa kibali cha mahakama, wakati mvulana kwa kawaida alitakiwa kufikisha 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba, na ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo. Katika miaka yote hiyo mjadala uliendeshwa kwa majina ya mila, dini, mimba za utotoni na heshima ya wazazi. Sauti ya msichana mwenyewe ndiyo iliyokuwa adimu, ingawa mwili na maisha vilivyojadiliwa vilikuwa vyake.

Nafasi ya mlalamikaji ina mipaka yake, na dini zimeichora kwa ukali. Sura ya 24 ya Kurani, An-Nur, ina habari ya uzushi aliosingiziwa Aisha baada ya kuachwa nyuma na msafara alipokuwa akitafuta mkufu wake uliopotea. Maneno yalizunguka Madina kwa muda wa kama mwezi, yakibebwa hata na watu wema. Aya zilimtakasa, zikawakemea waumini kwa kuyapokea kwa ndimi zao mambo wasiyoyajua, na zikaweka adhabu ya viboko 80 kwa anayemsingizia mwanamke mwenye heshima zake bila kuleta mashahidi wanne. Katika Biblia ya Wakatoliki, sura ya 13 ya Danieli inasimulia wazee wawili waliomsingizia Susana uzinzi. Danieli akawatenganisha, akamuuliza kila mmoja ni chini ya mti gani, na majibu yao yakapishana.

Visa hivi viwili, vikiwekwa kando ya kile cha Khaula, ndivyo vinavyotofautisha lalamiko na uzushi. Khaula alisema jambo lililompata yeye, mbele ya mwenye uwezo wa kulitengeneza. Wasambazaji wa uzushi wa Madina walisema jambo la mtu mwingine, wasilolishuhudia, mbele ya kila mtu isipokuwa mhusika. Hapo ndipo adabu inapotakiwa kuwa kali, na kwa bahati mbaya ndipo inapolegezwa. Mwanamke anayegombea ubunge hujibiwa kwa habari za ndoa yake. Anayehoji bajeti ya kata hujibiwa kwa picha ya faragha iliyohaririwa. Hizo si hoja zilizokosa upole. Ni kashfa, na kwa kipimo cha sura ya 24 mtu aliyeipokea kwenye simu yake na kuituma mbele ana sehemu yake ya dhambi, hata kama hakuitunga.

Katika siasa, wenye mamlaka nao huomba adabu. Sheria za kuzuia lugha ya kuudhi zimetumika kuwakamata watu walioandika juu ya viongozi. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliona tatizo hilo mara mbili: Aprili 2016 ilibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kilichohusu matumizi mabaya ya vyombo vya mawasiliano, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno kiasi kwamba raia asingejua lini anavunja sheria, na Februari 2017 ikabatilisha kashfa kama kosa la jinai, ikiacha njia ya madai kwa aliyechafuliwa jina. Mtawala aliyekashifiwa ana mahakama, ana vyombo vya habari, ana wasemaji. Mkulima aliyenyang'anywa shamba mara nyingi ana maneno yake tu, na kumfunga kwa ukali wa maneno hayo ni kumnyang'anya mara ya pili.

Kwa hiyo anayeongoza baraza, awe imamu, mchungaji, mwenyekiti wa mtaa au msimamizi wa kundi la simu, anaombwa aanze kwa kuuliza ni nani aliyeumizwa na jambo linalojadiliwa na kama yupo, kisha ampe nafasi aseme hadi amalize, hata kama sauti yake iko juu. Ushahidi upimwe baada ya hapo, na wenye nguvu ndio watangulie kutakiwa kuchunga lugha. Mjadala juu ya ndoa ya msichana wa miaka 15 ambao yeye mwenyewe hajasikilizwa haujawa halali, hata kama kila aliyezungumza alizungumza kwa upole.